Handaki la Kwenda Yaeda Chini

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa viatu vya kuazima, na Msimamizi wa kituo cha simu cha Mbulu mjini aliviona viatu kabla hajaniona mimi. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akanionyesha kiti mbele ya ubao wa kuunganishia simu. "Hivyo vitakuumiza," alisema. "Bahati yako hapa tunakaa, hatutembei." Nikakaa. Nilikuwa msichana wa kijiji cha Daudi aliyemaliza shule juzi tu, na kifaa pekee cha umeme nilichokuwa nimewahi kukishika ni tochi ya baba.

Vijana wanaoingia kazi hii leo hawajauona ubao ule, kwa hiyo nieleze. Ulijaa matundu, na kila tundu lilikuwa la mteja mmoja: posta, polisi, misheni, bohari ya mahindi. Mteja akizungusha mpini wa simu yake, kifuniko kidogo cha chuma kilidondoka juu ya tundu lake, nasi tukajua anaita. Ulichomeka waya, ukamuuliza anamtaka nani, ukachomeka ncha ya pili kwa huyo anayetakiwa, ukampigia kengele. Msimamizi alinifundisha sheria mbili tu. "Usitoe sikio mpaka uwasikie wote wawili wanaongea. Ukimsikia mmoja tu, bado hujaunganisha kitu. Na ukishawasikia wote wawili, toa sikio haraka, maana maneno yao si yako." Nimefanya kazi chini ya wakubwa wengi tangu siku hiyo, wengine wenye vyeti vya kujaza ukuta, na sijaona aliyeieleza kazi ya mawasiliano vizuri kuliko yule mzee.

Ubao ukaondolewa, mitambo ya kujiendesha yenyewe ikaja, nami nikahamishiwa Katesh, wilaya ya Hanang. Wenzangu walinipa pole kwa sababu ya upepo unaoshuka mlimani pale. Mimi niliupenda mji ule. Bosi wangu alikuwa Mhandisi wa Mawasiliano, mtu mrefu asiyependa mikutano, na ndiye aliyenipeleka kozi ya kompyuta Arusha wakati wenzake wakisema nafasi ile apewe mwanamume. "Apewe anayesikiliza," aliwajibu, na mjadala ukaishia hapo. Nilirudi Katesh nikiwa fundi wa ruta.

Ruta ni kifaa kinachopokea taarifa na kuzielekeza njia ya kupita, na kila ruta iliyo kwenye intaneti ina anwani, tarakimu ambazo wengine huzitumia kuifikia. Sasa tuseme una ofisi Katesh na nyingine Basotu, na unataka zizungumze mambo ya ndani kupitia intaneti, ambayo ni barabara ya kila mtu. Unachimba handaki. Sisi mafundi tulisema tanel, lakini handaki ni neno zuri zaidi. Halichimbwi kwa jembe. Ruta ya Katesh inaichukua barua yako, inaifunga ndani ya bahasha nyingine yenye kufuli, na kuituma Basotu. Ruta ya Basotu ina ufunguo wa kufuli hiyo. Katikati hakuna anayeweza kusoma, na watu wa ofisi zote mbili wanaona kama wamekaa chumba kimoja.

Handaki langu la kwanza lilinitoa jasho. Salamu zilipita, barua fupi zilipita, lakini picha zilikwama. Nilibadilisha kila nilichoweza kubadilisha. Mhandisi alikuja akasimama nyuma yangu na kikombe chake cha chai.

"Ukifunga mzigo kwenye mfuko wa pili, mzigo unakuwa mdogo au mkubwa?"

"Mkubwa."

"Na mlango umeupanua?"

Nilicheka kwa aibu. Bahasha ya pili huongeza unene, na pakiti, yaani kifurushi cha taarifa, iliyokuwa ikitosha njiani sasa inazidi kipimo. Nikapunguza ukubwa wa pakiti kabla hazijaingia handakini, na picha zikateremka kama maji. Mpaka leo, fundi akiniambia handaki lake linapitisha ujumbe lakini halipitishi picha, najua pa kumwelekeza kabla hajamaliza sentensi.

Kutoka Katesh nilichukuliwa na mradi mmoja wa afya uliokuwa na ofisi Mbulu mjini, na hapo ndipo kazi yangu kubwa ilipofanyika. Mradi uliweka mashine za altrasaundi kwenye zahanati za mbali. Nesi anampima mama mjamzito, na daktari aliyeko Mbulu anaiona picha papo hapo na kusema naye. Picha ya tumbo la mtu si kitu cha kupita barabarani uchi, kwa hiyo kila zahanati ilihitaji handaki. Tatizo lilikuwa anwani. Ruta ya ofisini, ambayo tuliiita ruta mama, ilikuwa na anwani ya kudumu. Ruta za zahanati zilitumia laini za simu za kawaida, na laini hizo hupewa anwani mpya kila ruta inapowaka. Ya asubuhi si ya mchana. Utachimbaje handaki kwenda kwa mtu anayehama kila mara?

Watu wa kwetu hawapati shida kulielewa jibu lake. Mkubwa hazunguki mtaani kutafuta wadogo awaamkie. Mdogo ndiye anayekuja na shikamoo yake popote alipo. Ruta ya zahanati ikiwaka, kitu cha kwanza inachofanya ni kuitafuta ruta mama na kujisajili: mimi ni wa Daudi, leo niko anwani hii, na huu hapa ufunguo wangu. Ruta mama inaupima ufunguo, inaitikia, inaweka anwani hiyo kwenye kumbukumbu, na handaki linafunguka. Tuliliita handaki la anwani inayobadilika. La Daudi lilishika siku ileile tuliyolifunga. Dongobesh nako kukawa hivyo hivyo, na wenye maduka pale wakaanza kuniuliza kama naweza kuwafungia na wao.

Yaeda Chini ndiko kulikonifanya nijue kazi ninaijua.

Kule ni bondeni, joto na vumbi, njia mbovu, na watu wake ni wafugaji pamoja na wawindaji wanaoishi kwa asali, mizizi na nyama. Nesi wa zahanati aliitwa Yustina, binti wa milimani kama mimi, aliyeomba mwenyewe kupangiwa kule wakati wengine wanalia wahamishwe. Altrasaundi ilipofika, aliwafuata kina mama mpaka kwenye maboma yao kuwaeleza. Walianza kuja. Halafu handaki likaanza kukatika. Mama anatembea tangu alfajiri, analala kitandani, Yustina anaweka kifaa tumboni, na kioo kinaandika kuwa hakuna mawasiliano. Jioni linarudi lenyewe, wakati mama ameshaondoka. Akikata tamaa mara moja hatarudi, na atawaambia wenzake.

Mkuu wa Mtandao wa mradi alikuwa kijana aliyesoma vizuri, mwenye adabu zote. Aliniamkia kwanza, ndipo akanipa habari mbaya.

"Shikamoo, Mama Elia."

"Marahaba, Mkuu."

"Mwisho wa mwezi huu mashine ya Yaeda Chini tunaiondoa. Kuna kata nyingine inaiomba na ina mtandao mzuri. Ruta ni ileile ya Daudi, mipangilio ni ileile ya Daudi. Daudi haikatiki, Yaeda inakatika. Basi shida ni watu wa kule. Nasikia wanachezea nyaya."

"Umesikia kwa nani?"

"Inasemwa tu."

Nilikasirika, na sikuficha. Nimekulia milimani, najua tunavyowasema watu wa bondeni. Mbuzi akipotea ni wao, waya ukikatika ni wao. Nilimwambia kwamba inasemwa tu si kipimo cha fundi, na nikaomba niteremke kabla hajaandika amri yake. Alikubali, kwa sharti kwamba nikirudi bila jibu, nirudi na mashine.

Nilifika Yaeda Chini na gari la mradi jua likiwa limeshakaza. Yustina alinipokea kwa shikamoo na maji ya kunawa, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeambiwa kuna msiba. Alikuwa ameshasikia.

"Umekuja kuichukua, Mama Elia?"

"Nimekuja kuiangalia. Nionyeshe ruta."

Alinipeleka kwenye chumba cha kupimia. Nyaya zote zilikuwa mahali pake, hakuna mkono wa mtu uliozigusa. Na ruta je? Ruta sikuiona. Kwenye kirafu chake kulikuwa na kitambaa cheupe cha kufuma, chenye ua jekundu katikati na pindo la nakshi, kimefunika kitu. Kila nyumba ya kwetu inakijua kitambaa kile. Redio inacho, televisheni inacho, kochi linacho. Kitu cha thamani hakikai wazi katika nyumba ya mwanamke anayejiheshimu. Niliweka kiganja juu ya ua lile nikakitoa mara moja, maana ruta ilikuwa inachoma kama sufuria.

"Nilikifuma mwenyewe," Yustina alisema. "Vumbi la hapa linaua vitu."

Nikakumbuka kwamba Daudi pia kilikuwepo, cha bluu, na Dongobesh kipo mpaka na mashada. Kule juu kuna baridi, ruta inavaa kitambaa chake kama sweta na haidhuriki. Bondeni saa za mchana ruta ilijaa joto mpaka ikajizima ili isiungue, ikapoa kidogo, ikawaka tena. Nilikiondoa kitambaa. Yustina alikipokea mkononi mwangu na kukikunja kama mtu ambaye nimemvulia mtoto wake nguo mbele za watu, na nilimwonea huruma. Na vumbi lilikuwa kweli. Tulikubaliana kitambaa kisiguse ruta, bali kining'inie mbele ya rafu kama pazia, na nyuma pabaki wazi hewa ipite. Ndani ya muda mfupi ruta ikawa vuguvugu tu.

Ningekuwa fundi wa haraka ningepanda gari hapo na kusema nimemaliza. Lakini kuna swali halikunitoka. Kuwaka kwa ruta huchukua muda wa kuchemsha chai ya kikombe kimoja. Kwa nini basi handaki lilikuwa linapotea mpaka jioni? Nilizima ruta makusudi, nikaiwasha. Ilipata laini, ikapewa anwani mpya, ikaiamkia ruta mama. Ikakataliwa. Ikaamkia tena, ikakataliwa tena. Nilisoma maneno kwenye kioo cha kompyuta yangu mara mbili, nikaelewa, na nakiri nilipiga meza kwa furaha.

Ruta mama tulikuwa tumeiwekea ulinzi mkali. Jina likishasajiliwa na anwani moja, halikubaliwi na anwani nyingine mpaka usajili ule wa kwanza uishe muda wake. Lengo lilikuwa mtu asiigize jina la kituo. Kwa vituo visivyozimika hilo halikuonekana kamwe. Lakini Yaeda Chini, ikijizima mchana na kurudi na anwani mpya, iligonga mlango wa nyumbani kwao ikaambiwa kwamba mwenye jina hilo yumo ndani tayari. Ikabaki nje saa zote hizo. Dawa yake ni mstari mmoja wa amri kwenye ruta ya kituo, wa kutangaza kwamba jina hili linaweza kuhama anwani, na kuufuta kwenye ruta mama usajili wa zamani uliokwama. Mstari niliuandika palepale. Kufuta kulitakiwa kufanyikia Mbulu, maana ruta mama haikuingilika kutoka nje. Nilihitaji mikono ya Mkuu wa Mtandao.

Wakati natafuta namba yake, pikipiki ilisimama nje. Alishuka mwanamke wa kifugaji, mimba yake kubwa, akiwa ameshikwa na mama mkwe wake. Yustina alimpapasa tumbo, akampapasa tena, akaniangalia.

"Kichwa sikipati chini," alisema kwa sauti ndogo. "Nahisi kipo ubavuni. Lakini nahisi tu. Nikimpandisha gari kwa kuhisi na ikawa siyo, mumewe hatamruhusu kuja tena. Namhitaji daktari aone."

Mama mkwe aliuliza kama ile televisheni ya daktari inafanya kazi leo, maana mara iliyopita walitembea bure. Yustina alimjibu kwa lugha yao. Sikuelewa maneno, ila nilielewa kwamba ameahidi. Nilimpigia Mkuu.

"Mkuu, shida nimeipata. Nina kazi ndogo kwako. Ingia kwenye ruta mama, futa usajili wa Yaeda Chini."

"Mama Elia, samahani. Ruta mama haiguswi saa za kazi. Vituo vyote vinaning'inia pale. Na ulinzi ule niliuweka kwa sababu. Nikikubali jina moja lije na anwani yoyote, kesho atakuja mwizi na jina hilo."

"Mwizi atakuwa na ufunguo?"

"Hapana."

"Basi mwache aje na jina. Atabaki mlangoni. Anwani haijawahi kumtambulisha mtu, Mkuu, ufunguo ndio unaomtambulisha. Na sikuombi uguse vituo vyote. Futa jina moja."

Sikumlaumu, maana mtu anayelinda mlango lazima awe mgumu, na mimi mwenyewe ningemdharau kama angekubali haraka.

"Nikifuta nikakosea je?"

"Nitakusomea, wewe andika. Usibonyeze kabla hujanirudishia. Mkuu, mama yuko kitandani hapa. Nesi anahisi mtoto amelala vibaya. Tusomeane, au nimwambie apande pikipiki arudi?"

"Soma," alisema.

Nilisoma, naye akanirudishia herufi kwa herufi kama watoto wa darasa la kwanza. Akabonyeza. Taa ya ruta iliyokuwa ikipepesa ikatulia. Sikushangilia. Nilimngoja Yustina aseme "Daktari, unanisikia?" nikangoja sauti ya daktari ijibu, "Nakusikia, nesi, na picha naiona." Walikuwa wawili wanaongea. Nikatoka nje, kwa sababu yaliyobaki hayakuwa yangu.

Nilikuwa nimekaa kwenye ngazi Yustina alipotoka mbio. Mtoto alikuwa amelala kingamo, kama mti uliolalia mlango. Daktari alitaka mama afikishwe Mbulu siku ileile, kabla uchungu haujaanza. Mama mkwe alikuwa ameiona picha kwa macho yake na kumsikia daktari, kwa hiyo hakubisha, aliingia garini wa kwanza. Tuliwapandisha milimani polepole kwa sababu ya mashimo, na mimi kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilimwomba Mungu kwa ajili ya springi za gari. Wiki hiyo hiyo alifanyiwa upasuaji. Mama akapona, mtoto akapona, wa kike, mwenye mapafu ya kuita ng'ombe kutoka ng'ambo ya bonde.

Mkuu wa Mtandao aliniita ofisini mwezi ulipoisha. Nilidhani ni ile amri ya kuiondoa mashine. "Shikamoo, Mama Elia," alisema. "Nimechungulia kumbukumbu za Yaeda Chini. Haijakatika hata mara moja. Mashine inabaki." Kisha akaongeza, akiangalia dirishani, "Na lile la watu kuchezea nyaya, sikupaswa kulisema." Nilimwambia nimesikia. Mstari ule wa ruta tuliuandika kwenye ruta za vituo vyote, na tukatoa maelekezo kuhusu vitambaa, yaliyosababisha malalamiko mengi Dongobesh kuliko jambo lolote ambalo mradi umewahi kufanya.

Sasa nimestaafu, niko Daudi na ngano yangu na kondoo wachache. Vijana huja kuniuliza, na ninawajibu bila kujifanya mnyenyekevu, kwa sababu kazi hii niliiweza. Ninawaambia handaki zuri halina sifa. Hakuna mjamzito atakayeamka asubuhi akashukuru kwamba ruta imesajiliwa. Atakujua siku limekatika, na hapo hatakujua kwa wema. Ukitaka kupigiwa makofi, kaimbe kwaya. Ninawaambia pia kwamba mitambo inafanana lakini mahali hapafanani, na ukiona kituo kimoja kinasumbua, kabla ya kuwasema watu wake, nenda ukaweke kiganja juu ya kifaa.

Waliniaga katika ukumbi mmoja pale Mbulu mjini. Kulikuwa na pilau, kwaya, blanketi la zawadi, na hotuba nyingi kuliko pilau. Nilikuwa nimeomba kitu kimoja tu, kwamba Yustina akae karibu yangu, naye alikuwa ameapa kuwa atakuja hata kwa punda. Kiti chake kilikuwa tupu. Nilikiangalia tangu mwanzo, na niseme ukweli, niliumia. Mkuu wa Mtandao alisimama kusoma hotuba yake. Alikuwa katikati ya kunisifu, simu ya daktari wa mradi ikaita. Daktari aliitazama, akainuka, akakatiza mbele ya meza kuu bila kuomba radhi, akatoka karibu kukimbia kuelekea chumba chenye kioo cha picha za zahanati. Watu walinung'unika. Mshereheshaji akasema kwenye kipaza sauti kwamba wasomi wa siku hizi hawana adabu.

Mimi nilikiangalia tena kile kiti kitupu, nikajua mwenye kiti yuko wapi, na maumivu yakaisha. Sahani ya Yustina ilikuwa imeshapakuliwa na ilikuwa inapoa. Niliivuta karibu na yangu, nikala zote mbili.